Mvua Ikikukuta Jangwani: Mwongozo kwa Wanaokwenda Kuona Wanyama Samburu, Chalbi na Turkana

Kila likizo inapokaribia, maswali ni yale yale. Kwani jangwani kunanyesha? Kama anga ni jeupe, hayo mafuriko yatatoka wapi? Sisi tuna Land Cruiser, si tutavuka tu? Nimeyaweka majibu yote hapa pamoja, uyasome kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu ukishapita Isiolo mtandao unakatika-katika na hutapata nafasi ya kuuliza.

Ndiyo, kunanyesha. Jangwa la Chalbi, kule Marsabit, halipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka, lakini sehemu kubwa ya hizo inaweza kumwagika ndani ya siku chache. Ardhi iliyochomwa na jua kwa miezi inakuwa ngumu, nyasi za kuyashika maji hazipo, kwa hiyo maji hayazami. Yanakimbilia kwenye laga, yaani vile vijito vya mchanga ambavyo siku nyingi ni vikavu na ng'ombe wanalala ndani yake. Mwishoni mwa 2023, baada ya ukame mkali wa 2020 hadi 2022, mvua za El Niño zilileta mafuriko Mandera, Wajir na Garissa, sehemu zilezile ambazo mwaka mmoja nyuma mifugo ilikuwa inakufa kwa kiu.

Na maji si lazima yatoke pale ulipo. Mto Ewaso Ng'iro, ambao ndio uhai wa hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, chanzo chake kiko Aberdare na Mlima Kenya. Tarehe 4 Machi 2010, alfajiri, mto huo ulifurika na kuzoa kambi na loji zilizokuwa kando yake, pamoja na kambi ya watafiti wa tembo wa Save the Elephants. Wageni waliokwama walitolewa kwa helikopta. Kwa hiyo hali ya hewa ya Samburu unaitazama kule milimani kwanza, ndipo unatazama anga lililo juu ya kichwa chako.

Kabla ya kuondoka

Miezi ya kuangalia ni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Sisemi usiende. Wengine tunaipenda Samburu zaidi kukiwa na majani mabichi. Ila ukienda miezi hiyo, panga siku moja au mbili za akiba. Mtu aliyekata tiketi ya ndege ya Jumapili usiku, naye Jumapili asubuhi bado yuko ng'ambo ya laga, ndiye anayevuka maji asiyopaswa kuvuka.

Beba vitu hivi hata kama dereva wa kampuni amekuambia gari lina kila kitu. Mwombe akuonyeshe kwa macho:

- Maji ya kunywa lita 5 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku mbili.
- Chakula kisichohitaji kupikwa: tende, karanga, mkate, maharagwe ya kopo.
- Beleshi, panga, jeki inayofanya kazi, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama matopeni na gari linabaki palepale.
- Kamba imara ya kuvutia gari, na pingu zake za chuma, yaani vile vyuma vya kuifungia kamba kwenye gari.
- Gurudumu la akiba, mawili ukienda Chalbi au Turkana, na pampu ya upepo.
- Blanketi au sweta kwa kila mtu. Watu huzicheka hizi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha, na ndizo zinazoulizwa kwanza mvua ikishalowesha kila kitu.
- Tochi ya kichwani, pawabenki iliyojaa, kiberiti kwenye mfuko wa plastiki, kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Leso au kitambaa kikubwa cha kufunika pua na mdomo kwa ajili ya vumbi.

Ukipita Marsabit kuelekea North Horr au Loiyangalani, nenda na magari mawili. Gari moja likikwama, lingine linavuta. Jaza tangi Marsabit, usiliache kwa kutegemea mbele.

Hatua kwa hatua

1. Uliza mvua sehemu tatu, kila siku. Ya kwanza ni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa Kenya, hasa matangazo yao ya tahadhari ya mvua kubwa. Usisome mstari wa Samburu peke yake, soma na Nyeri, Laikipia na Meru. Ya pili ni kituo cha lango la hifadhi: askari wa zamu anajua ni njia ipi imekatika asubuhi hiyo. Ya tatu, na mimi naiamini sana, ni mchungaji. Simamisha gari mbali kidogo na mifugo, zima injini, msalimie vizuri kwanza, kisha uliza.

"Mzee, huko juu mvua ilinyesha?"

"Jana usiku kulikuwa kunamulika upande wa Laikipia. Nyinyi ngojeni mpaka jioni."

Akikuambia ngoja, ngoja. Ana mbuzi mia upande huo wa mto na hajawavusha.

Mwachie mtu asiye safarini ratiba yako: njia, mahali pa kulala, na saa ambayo usipopiga simu aanze kukutafuta.

2. Chagua pa kulala kwa kuangalia miti. Ukifika kambini kando ya Ewaso Ng'iro, kabla hujafungua hema, tazama mashina ya mikoma. Utaona nyasi kavu, vijiti, pengine na kipande cha plastiki, vimenasa kwenye matawi au kwenye gome, vyote vimelala upande mmoja. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Kama takataka hizo ziko juu ya kichwa chako, usilale hapo msimu wa mvua, hata kama kivuli ni kizuri na tembo wanapita karibu kunywa maji. Sogea kwenye mwinuko.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kupiga hema ndani ya laga. Mchanga ni laini, ni safi, hauna miiba, na upepo haufiki. Usilale humo, usiegeshe humo, usiwaache watoto wacheze humo wakati nyinyi mnapika. Ukilazimika kukaa kambi ya mtoni, uliza kabla ya giza: tukisikia maji usiku, tunakimbilia upande gani? Itembee hiyo njia kwa miguu mara moja, pamoja na mwenyeji wa kambi, kukiwa bado na mwanga. Viatu na ufunguo wa gari viwe mahali ambapo mkono unavifikia gizani.

3. Soma dalili mkiwa kwenye matembezi. Wingu jeusi upande wa milima, maji ya mto yaliyogeuka ghafla kuwa ya kahawia nzito, povu na vijiti vinavyoelea, mngurumo kama wa lori ambalo halionekani. Ukiona au ukisikia mojawapo ukiwa mtoni au kwenye laga, toka sasa hivi. Usimalizie picha. Kichwa cha mafuriko huja kikiwa kimebeba magogo, na kinaweza kuteremka laga iliyokuwa kavu kabisa dakika chache kabla.

Kwenye makorongo membamba ni hatari zaidi kwa sababu hakuna pa kupandia. Kule Hell's Gate karibu na Naivasha, maji ya ghafla yaliua vijana wa kanisa mwaka 2012, na mwaka 2019 yakaua tena wageni waliokuwa wakitembea korongoni. Mvua ikitishia, usiingie korongo, hata kama umeshalipa kiingilio.

4. Ukifika kwenye laga yenye maji, simama. Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kulielesha gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, na Land Cruiser imo. Uzito wa gari hausaidii kama unavyodhani, kwa sababu maji yakifika kwenye sakafu yanalinyanyua, na magurudumu yakishaacha kushika chini, usukani hauna kazi tena.

Fanya hivi:

Egesha mbali na ukingo, mahali pa juu, gari likitazama ulikotoka. Ukingo wa laga huchimbwa na maji kwa chini na kuporomoka.

Chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Rudi baada ya robo saa. Kijiti kimezungukwa na maji? Yanapanda, sahau kuvuka leo. Kimebaki kwenye mchanga mkavu? Yanashuka, endelea kungoja. Kijiti hiki kinajua kuliko abiria wote mlio ndani ya gari.

Ngoja. Laga nyingi hushuka baada ya saa chache mvua ikikoma, wakati mwingine jioni hiyohiyo. Mto mkubwa kama Ewaso Ng'iro unaweza kuchukua siku kadhaa, na kwa huo dawa ni kurudi kwenye daraja la Archer's Post na kuzunguka kwa lami.

Usiingie majini kwa miguu kupima kina, labda maji yawe yametulia, chini ya goti, na unaona chini. Ewaso Ng'iro una mamba, na mafuriko huwasogeza hadi mahali ambapo kwa kawaida hawapo. Ndani ya hifadhi usishuke garini bila ruhusa ya askari.

Maji yakishatulia na kuwa ya chini, na umeliona gari jingine la aina yako likipita, vuka kwa gia ndogo ya nguvu, mwendo wa pole usiobadilika, bila kubadili gia katikati. Fungua mikanda na vioo kabla ya kuingia. Ukishatoka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa mpaka zikauke na kushika.

Dereva akishinikizwa na wageni, huvuka. Nyinyi abiria mna wajibu hapa. Mkimwambia, "Kaka, sisi hatuna haraka, tungoje," mmempa nafasi ya kufanya linalofaa bila kuogopa kulaumiwa na ofisi yake.

5. Radi. Funga tundu la paa la gari la safari mara tu unaposikia ngurumo ya kwanza, na kila mtu aketi. Gari la bati lililofungwa ni kinga nzuri. Hesabu sekunde kati ya mmuliko na mlio, gawanya kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, uko hatarini. Usikimbilie chini ya mgunga ulio peke yake uwandani, na hema si kinga. Kaeni garini mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

6. Dhoruba ya vumbi. Ukuta wa vumbi ukija mbele yako, toka kabisa kwenye njia, simama, vuta breki ya mkono, zima taa zote na ondoa mguu kwenye breki. Watu hushangaa hili la kuzima taa. Dereva wa nyuma asiyeona barabara hufuata taa nyekundu akidhani unaendelea kwenda, akakugonga. Funga vioo, leso puani, na ngojeni. Vumbi likija mbele ya wingu la mvua, jua maji yako nyuma yake, kwa hiyo usiegeshe bondeni.

7. Chalbi ikilowa, usiingie. Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na mvua ikinyesha hukumbuka. Juu kunakuwa na ganda jeupe la chumvi linaloonekana kavu na imara, na chini yake kuna tope la kijivu, kama uji uliofunga ngozi juu. Gurudumu la mbele linapasua ganda, gari linakaa kwa tumbo, na kilomita nyingi kuzunguka hakuna mti wala jiwe la kufungia kamba. Wagabra wa Kalacha, Maikona na North Horr wanazijua njia za pembeni zinazopita kwenye mawe. Uliza, na ikiwezekana mchukue mmoja wao akuongoze na umlipe vizuri. Ukijikuta tayari uko ndani na ganda linaanza kuvunjika, usikate kona kali. Rudi nyuma taratibu kwa kufuata alama zako mwenyewe.

8. Upepo wa Turkana. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, upepo si ajali, ni desturi. Mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyojengwa upande huo haikuwekwa pale kwa bahati. Mara nyingi huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi. Hema lifungwe kwa mawe makubwa juu ya kamba, mgongo wake uelekee unakotoka upepo, na moto wa kupikia usiwashwe karibu. Ziwani, ukiona mawimbi yana vichwa vyeupe, safari ya kisiwa cha South Island imeahirishwa. Maneno ya mwisho ni ya mvuvi, siyo ya aliyekuuzia safari. Na hata ziwa likiwa shwari, kama hakuna jaketi la kuokolea kwa kila mtu, msipande.

9. Giza likiwakuta, laleni garini. Msitembee kutafuta msaada usiku. Kuna fisi, simba na tembo, na kaskazini zipo sehemu zenye wizi wa mifugo ambako mgeni anayetembea gizani anaweza kudhaniwa vibaya. Gari liwe mwinukoni, vioo wazi kidogo. Usiache injini ikiunguruma usiku kucha, hasa kama bomba la moshi limezibwa na tope, kwani moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuamsha.

Yakiharibika

*Gari limezimika katikati ya maji.* Usipige stata tena. Injini ikiwa imemeza maji, jaribio moja la kuiwasha linaweza kupinda vyuma vya ndani. Kama maji yanapanda, tokeni kupitia madirishani, pandeni juu ya paa au ukingoni, na vitu viachwe. Gari likishavutwa nje, kagua kichujio cha hewa na oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Gari hilo livutwe, lisiendeshwe.

*Limekwama kwenye tope.* Acha kukanyaga mafuta mara ya kwanza gurudumu linapozunguka bure. Kila mzunguko unachimba. Wote washuke kama ni salama, chimba mbele ya kila gurudumu na chini ya tumbo la gari, inua kwa jeki juu ya ubao, jaza mawe na matawi chini ya gurudumu, kisha ondoka polepole. Kwenye mchanga mkavu, kupunguza upepo wa magurudumu kwa karibu robo husaidia sana, ila ujaze tena kabla ya kurudi lami. Wakati wa kuvuta kwa kamba, asisimame mtu karibu na kamba. Ikikatika inakata mguu.

*Simu haina mtandao.* Panda mwinuko ulio karibu ukiwa na mwenzako, mchana. Tuma ujumbe mfupi, kwani hupenya mahali ambapo simu ya sauti inashindwa. Namba za dharura Kenya ni 999 na 112. Mtandao usipopatikana, kaeni na gari. Gari linaonekana kutoka mbali na kutoka angani kuliko mtu.

*Mtu anatetemeka na maneno yake yanakuwa mazito.* Ni baridi, hata kama mchana joto lilifika nyuzi 35. Mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi pamoja na mtu mwenye joto, mpe chai yenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Watoto huishiwa na joto haraka kuliko wakubwa, hivyo usisubiri mtoto alalamike.

*Maji ya kunywa yamekwisha.* Ya mafuriko yana kinyesi cha mifugo yote ya nchi hiyo. Yaache yatulie, chuja kwa kitambaa, chemsha mpaka yatokote sawasawa. Na baada ya mafuriko makubwa usinywe maziwa mabichi wala kula nyama isiyoiva, hata ukikaribishwa kwa heshima. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia, ililipuka kaskazini mashariki baada ya mvua kubwa za 1997–98 na 2006–07. Omba maziwa yachemshwe, wenyeji hawatakasirika.

*Nge na nyoka.* Mvua huwatoa mashimoni. Kung'uta viatu kila asubuhi, usinyanyue jiwe kwa mkono mtupu, na usitembee usiku bila tochi.

*Mvua imekatika lakini wanyama hawaonekani.* Hili huwasikitisha wageni, na halipaswi. Kukiwa na madimbwi kila mahali, tembo hawana sababu ya kushinda mtoni, hutawanyika hadi nje ya hifadhi. Usimsumbue dereva akimbilie mtoni kila saa. Mwombe akupeleke vichakani ambako swala twiga husimama kwa miguu miwili akila majani. Yeye hapungui, kwa sababu maji mengi huyapata kwenye majani yenyewe. Choroa naye hahitaji mto. Punda milia wa Grevy watafute kwenye nyasi fupi zilizochipua, asubuhi mapema, na mbaki kwenye njia zilizopo hata kama kundi liko mbali. Ardhi ikiwa bado mbichi, alama ya gurudumu nje ya njia hukauka hivyohivyo na kubaki hapo kwa muda mrefu, na mvua inayofuata huigeuza kuwa mfereji.